Zinki haba juu, kadimi tele chini: uchambuzi wa kisa cha shamba moja

Kuhusu kisa hiki

Maelezo yametoka kwenye daftari la shamba, ripoti za maabara na mazungumzo na waliohusika. Majina, mahali, ukubwa wa shamba na tarehe vimeondolewa, na vipimo vimeandikwa kwa kukadiria. Kisa kinafaa kufundishia kwa sababu shamba lilikuwa na udongo wa aina moja, historia ya mbolea inayofanana na karibu kiasi kile kile cha metali toka mwanzo hadi mwisho wake. Hata hivyo upande mmoja mazao yalikosa zinki, na upande wa pili yakajaa kadimi, metali nzito yenye sumu. Anayesoma ripoti ya jumla ya metali udongoni asingeweza kubashiri lolote kati ya hayo mawili.

Usuli

Shamba lina mteremko mdogo. Juu linapakana na barabara, chini linaishia kwenye mfereji wa maji. Udongo ni tifutifu wenye kichanga kingi na mboji kidogo. Kwa miaka mingi lilipandwa mahindi na maharage kwa kupokezana, kisha sehemu ya chini, kwa kuwa iko karibu na maji, ikageuzwa bustani ya spinachi. Mbolea ya fosfeti ilitiwa kila msimu bila kupima, samadi ya kuku ikawekwa juu yake, na spinachi ikaongezewa kloridi ya potasiamu.

Baadaye mavuno yalipoanza kushuka, udongo ulipimwa. Walichota vijiko kutoka pembe zote, wakachanganya ndooni, wakapeleka nusu kilo maabara. Jibu: pH (kipimo ambacho hushuka tindikali ikizidi) ni 5.3, tindikali imezidi, weka chokaa. Ushauri huo ulikuwa sahihi. Lakini lori lilimwaga chokaa kwa marundo kando ya barabara, na vibarua wakaanza kuisambaza kwa koleo kuanzia pale pale ilipomwagwa. Kadiri walivyoteremka ndivyo ilivyopungua, na robo ya chini haikupata hata vumbi lake. Daftari limeandikwa maneno mawili tu: “chokaa imewekwa”.

Mahindi ya juu

Msimu uliofuata mahindi ya upande wa barabara yaliota vizuri, kisha yakadumaa. Kufikia wiki ya tatu majani machanga yalikuwa yakitoka na mabaka marefu ya rangi nyeupe iliyoelekea njano, yakianzia kitako cha jani kwenda juu, kila upande wa uti. Uti wenyewe na kingo za jani vilibaki kijani. Pingili zilikuwa fupi mno, hata majani yalionekana yamebanana mahali pamoja.

Msimamizi aliona unjano akafikiria nitrojeni, kama ambavyo wengi wangefikiria. Akaongeza urea. Hakuna kilichobadilika. Njaa ya nitrojeni huanzia majani ya chini yaliyokomaa, na unjano wake hufuata uti kutoka nchani kwa umbo la V, kwa sababu mmea hunyonya nitrojeni kutoka majani mazee na kuipeleka kwa machanga. Zinki haihamishiki kwa wepesi huo. Ikikosekana, jani jipya ndilo linaloumia kwanza. Mtu akisimama mbele ya mhindi na kujiuliza tu ni majani yapi yameanza, ya juu au ya chini, tayari ameondoa nusu ya makisio.

Baada ya urea ikaja hatua mbaya zaidi. Baadhi ya miche ilikuwa na wekundu wa zambarau, na mtu akasema hiyo ni njaa ya fosforasi. Wakatia TSP, mbolea ya fosfeti, pembeni mwa mistari. Ndani ya wiki mbili mabaka meupe yalipanuka.

Hapo ndipo majani yalipopelekwa maabara: mfuko mmoja wa mimea iliyodumaa, mfuko wa pili wa mimea mizuri kutoka katikati ya shamba, yote ya umri mmoja. Nitrojeni na fosforasi zilikuwa za kutosha kwenye mifuko yote miwili. Fosforasi ya mimea iliyodumaa ilikuwa juu hata kuliko ya mimea mizuri. Zinki ya mimea iliyodumaa ilikuwa chini ya miligramu 15 kwa kilo ya jani kavu, kiwango ambacho mahindi huanza kuonyesha njaa.

Spinachi ya chini

Huku juu wakihangaika, chini mambo yalionekana mazuri. Spinachi ilikuwa na majani mapana yenye rangi iliyokolea. Kisha mnunuzi akaomba kipimo cha metali nzito, na kadimi ikatoka miligramu 0.31 kwa kilo ya jani bichi. Kikomo cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kwa mboga za majani ni 0.2. Risasi nayo ilikuwa juu kidogo. Mzigo ukakataliwa.

Maelezo ya kwanza ya shamba yalikuwa vumbi la barabara. Hoja hiyo ilistahili kujaribiwa, na ikajaribiwa kwa njia nyepesi: majani ya tuta moja yaligawanywa, nusu yakapimwa yalivyo, nusu yakaoshwa kwa maji mengi na kusuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyochujwa madini. Risasi ilishuka sana baada ya kuosha. Kadimi haikutikisika.

Ninalipenda jaribio hili kuliko mengine yote ya kisa hiki. Lilitenganisha njia mbili za metali kuufikia mmea, tena kwa gharama ya sampuli mbili. Risasi hushikwa kwa nguvu na mboji na chembe za udongo, na hata ile kidogo inayofika kwenye mzizi huishia mzizini; nyingi ya ile inayopimwa kwenye majani imetua juu yake kama vumbi. Kadimi hupanda na maji kutoka mzizini na kukaa ndani ya jani. Maji ya bomba hayawezi kuitoa humo.

Udongo unapimwa tena, kwa vipande

Safari hii shamba liligawanywa kanda tatu kufuata mteremko, na kila kanda ikapata mfuko wake. Kabla ya mifuko kwenda maabara, mshauri alipita na chupa ndogo ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Alichota udongo kiganjani akiwa amevaa glavu, akadondosha matone mawili. Chini na katikati palikaa kimya. Juu, hasa pale marundo ya chokaa yalipokuwa, udongo ulichemka kwa povu, na ulipochambuliwa kwa kidole vilionekana vipande vyeupe vya chokaa vikubwa kama mbegu ya dengu. Chokaa ile haikuwa imesagwa laini, kwa hiyo ilikuwa inaendelea kuyeyuka polepole na ingeendelea kwa miaka.

Majibu yalikuwa hivi. Zinki ya jumla ilikuwa karibu miligramu 60 kwa kilo ya udongo katika kanda zote tatu, na kadimi ya jumla karibu 0.6. Hivyo ni viwango vya kawaida tu, na hakuna afisa ambaye angeshtuka kwa kuviona. Lakini pH ilikuwa 7.6 juu, 6.2 katikati na 5.1 chini. Zinki iliyotolewa kwa kimiminika cha DTPA, ambacho hukisia ile sehemu ambayo mmea unaweza kuifikia, ilikuwa 0.4 juu na 1.6 chini. Kwa mahindi, chini ya takriban 0.8 ndiko mahangaiko huanza.

Kwa nini udongo mmoja ulijibu namna mbili

Mzizi hauli udongo. Unakunywa maji yaliyo katikati ya chembe za udongo, na ndani ya maji hayo zinki huwa kidogo sana ukilinganisha na ile iliyonata kwenye mfinyanzi, mboji na oksidi za chuma. Nitrati na kalsiamu hubebwa kwa wingi na maji yanayovutwa na mmea, lakini zinki na fosforasi hutegemea kusambaa zenyewe kutoka mahali penye nyingi kwenda penye haba, mwendo unaohesabika kwa milimita. Mzizi ukishamaliza zinki iliyo jirani yake, unazungukwa na ganda la udongo mtupu, na njia ya kutoka humo ni kurefuka, kuotesha vinyweleo vipya, au kusaidiwa na nyuzi za kuvu wa mikoriza, wanaoishi kwenye mizizi na kufika mbali zaidi.

pH ndiyo inayoamua ni kiasi gani kimenata na kiasi gani kiko huru. Kanuni ya vitabu ni kwamba pH ikipanda kwa namba moja, ayoni huru za zinki (chembe zake zenye chaji zilizo majini) hupungua karibu mara mia. Shambani tofauti haiwi kali hivyo, kwa sababu asidi za mboji hushika sehemu ya zinki na kuiacha ielee majini, lakini mwelekeo ni huo huo. Kadimi hufuata njia ile ile: tindikali huifungua, chokaa huifunga. (Si kila elementi iko hivi. Molibdeni huenda kinyume, hupatikana zaidi pH ikipanda, na ndiyo moja ya sababu maharage ya udongo wenye tindikali hupauka kwa kukosa vinundu vya mizizini vyenye nguvu ya kuwapa nitrojeni.)

Kisha kuna mlango. Ayoni za metali hazipenyi utando wa seli ya mzizi zenyewe. Hupitishwa na protini maalumu. Moja ya kwanza kutambuliwa, IRT1, ilielezwa mwaka 1996 kwenye mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis. Kazi yake ni kuingiza chuma, lakini haina macho makali: hupitisha zinki, manganisi, kobalti na kadimi pia. Kwenye mpunga, protini OsNramp5 iliyopo kwa ajili ya manganisi ndiyo lango kuu la kadimi. Kadimi haina kazi yoyote inayojulikana katika mazao yetu. Haimo kwenye orodha ya elementi 17 ambazo mmea hauwezi kuishi bila hizo, ambayo nikeli ndiyo iliyoingia mwisho, miaka ya 1980. Inaingia kwa sababu inafanana: iko kundi moja na zinki kwenye jedwali la elementi, ina chaji ile ile ya mbili chanya, na ukubwa wa ayoni yake unakaribia ule wa kalsiamu. Ni abiria asiye na tiketi.

Ikishaingia, mahali inapoishia hutegemea zao. Baadhi ya mimea huifungia kwenye vakuoli, yaani vyumba vya kuhifadhia, za seli za mizizi na kidogo tu hupanda juu. Spinachi na saladi huipandisha kwa wingi hadi majanini. Mahindi huwa nayo kiasi kwenye jani, lakini punje hupata kidogo sana.

Kloridi ya potasiamu iliyowekwa kwenye spinachi nayo ilichangia. Ayoni za kloridi huungana na kadimi na kuivuta kutoka kwenye chembe za udongo hadi majini, jambo lililochunguzwa sana nchini Australia kwenye viazi na maji ya chumvi. Na kadimi yenyewe ilitoka wapi? Uwezekano mkubwa ni fosfeti. Miamba ya fosfeti iliyotokana na mashapo ya bahari huwa na kadimi nyingi kuliko ile iliyotokana na volkeno, na miaka ya kutia mbolea bila kupima hujilimbikiza. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 60 za kadimi kwa kilo ya P₂O₅ (namna fosforasi inavyohesabiwa kwenye mbolea) kwa mbolea za aina hii tangu Julai 2022.

Ili msomaji asichukue kisa hiki kwa ukubwa usio wake: wagonjwa wa itai-itai, ugonjwa wa mifupa wenye maumivu makali, kwenye bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama nchini Japani, ambao serikali iliwatambua mwaka 1968 kuwa wameathiriwa na kadimi, walipatwa na hali hiyo baada ya miaka mingi ya kula mpunga uliomwagiliwa maji yaliyobeba taka za mgodi. Hapa hatuna mgodi. Tuna shamba la kawaida lililovuka kikomo cha soko kwa zao moja, katika kanda moja.

Maamuzi, na yaliyokataliwa

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kushusha pH ya juu kwa unga wa salfa. Lilikataliwa kwa hesabu. Kila kilo 100 za chokaa safi ambayo bado haijayeyuka hudai karibu kilo 32 za salfa kabla pH haijaanza kushuka hata kidogo, na udongo uliokuwa ukitoa povu ulikuwa na chokaa nyingi sana. Kulikuwa na sababu ya pili ambayo haikuonekana hadi majibu ya kadimi yalipofika: kushusha pH juu kungeufungua upande ule kwa tatizo lile lile la chini.

La pili lilitoka kwa mtu aliyesoma kuhusu mimea inayosafisha udongo: waendelee kupanda spinachi chini na kuitupa, hadi kadimi iishe. Hesabu yake ni fupi. Udongo wa juu wa hekta moja, kina cha sentimita 15, una uzito wa karibu kilo milioni mbili. Kwa miligramu 0.6 kwa kilo, hiyo ni kilo 1.2 za kadimi. Tani kumi za spinachi yenye 0.31 hubeba gramu tatu. Ni mavuno mamia kadhaa, tena hiyo ni kama mmea ungeendelea kunyonya kwa kasi ile ile hadi gramu ya mwisho, jambo lisilowezekana.

Walichokubaliana kilikuwa na sehemu ya haraka na sehemu ya msimu ujao.

Kwa mahindi yaliyokwisha kuota, walipulizia majani: gramu 500 za salfeti ya zinki kwa lita 100 za maji, pamoja na gramu 250 za chokaa iliyozimwa ili mchanganyiko usiunguze majani. Walipuliza jioni jua limepoa, wakarudia baada ya siku kumi na mbili. Fosfeti ikasimamishwa kabisa. Jambo hili lilileta ubishi, kwa kuwa msimamizi alikuwa bado na magunia ya TSP stoo na aliona ni hasara kuyaacha.

Inafaa kueleza hapa kwa nini TSP iliharibu, maana maelezo yanayosikika mara nyingi si sahihi. Husemwa kwamba fosforasi huifunga zinki udongoni ikawa jiwe. Lakini zinki fosfeti huyeyuka vya kutosha kulisha mmea. Madhara makubwa yako kwenye mmea wenyewe: fosforasi ikiwa tele, mzizi hupunguza ushirika wake na kuvu wa mikoriza, ambao ndio waliokuwa wakiuletea zinki kutoka mbali. Pia ukuaji unaochochewa huitawanya zinki ile kidogo kwenye majani mengi zaidi.

Kwa msimu uliofuata walibadilisha mazao mahali. Spinachi ikahamia juu, kwenye chokaa, ambako kadimi imefungwa, na ikatiliwa salfeti ya zinki kwa mstari pamoja na mbolea ya SA (salfeti ya amonia), sentimita tano pembeni na chini ya mbegu. SA ilichaguliwa badala ya mbolea ya nitrati kwa sababu mzizi ukinyonya amoniamu hutoa ayoni za haidrojeni kusawazisha chaji, na hivyo huchachusha ule ukanda mwembamba unaouzunguka, hata kama shamba zima lina pH 7.6. Mahindi yakashuka chini. Huko chokaa iliwekwa kwa kipimo cha kanda ile peke yake, iliyosagwa laini, kwa awamu mbili na kuchanganywa udongoni kwa jembe. Kloridi ya potasiamu ikabadilishwa na salfeti ya potasiamu.

Salfeti ya zinki ilitiwa chini pia, kiasi kidogo, ingawa mahindi hayangeonyesha njaa huko. Kwa kuwa zinki na kadimi hugombea milango ile ile, kuongeza zinki mara nyingi hupunguza kadimi inayoingia. Ila zinki huchimbwa kwenye miamba yenye kadimi, na salfeti ya zinki ya bei ya chini inayotokana na mabaki ya viwanda inaweza kuja na mzigo wake. Walidai cheti cha uchambuzi kabla ya kununua. Shehena ya kwanza waliyoonyeshwa haikuwa nacho, wakaiacha.

Matokeo

Majani yaliyotoka baada ya kupulizia yalikuwa kijani. Yale yaliyokwisha kupauka hayakurudi, na mstari kati ya majani meupe na ya kijani ulionekana wazi kwenye kila mmea hadi mavuno. Mavuno ya msimu ule upande wa juu yalikuwa pungufu kwa kiasi kikubwa. Zinki ilifika baada ya mmea kwisha kuamua ukubwa wa gunzi lake.

Msimu uliofuata spinachi ya juu ilipimwa kadimi 0.09, chini ya nusu ya kikomo. Mahindi ya chini yalisimama vizuri na kadimi ya punje haikufikia kiwango ambacho kifaa cha maabara kingeweza kuisoma kwa uhakika. pH ya chini ilipanda hadi 5.9 baada ya awamu ya pili ya chokaa.

Pale marundo ya chokaa yalipokuwa, mambo yalikuwa mengine. Maharage yaliyopandwa kando ya spinachi yalitoka na majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani, dalili ya njaa ya chuma. Shamba likanyunyiza salfeti ya chuma ardhini. Haikusaidia lolote, na haingeweza: kwenye pH ile chuma hugeuka kutu kabla mzizi haujakigusa.

Uchambuzi

Kinachoonekana kufanya kazi zaidi ni kubadilisha mazao mahali. Hakikuongeza wala kupunguza gramu moja ya metali udongoni. Kilipanga tu zao linalopandisha kadimi likae mahali ambapo kadimi imebanwa, na zao lisiloipeleka kwenye punje likae mahali ambapo iko huru. Ni uamuzi wa bure, na ulichelewa kufikiriwa kwa sababu matatizo mawili yalikuwa yakishughulikiwa na watu wawili tofauti, mmoja akitazama mahindi na mwingine akimjibu mnunuzi. Majibu ya pH ya kanda tatu yalipowekwa kwenye karatasi moja, uhusiano ulijitokeza wenyewe.

Sampuli ya mchanganyiko ilitumika vibaya. Kabla ya chokaa shamba lilikuwa na pH inayokaribiana, na ndoo moja ilitosha. Baada ya chokaa kusambazwa kwa koleo, ndoo ile ile ingetoa wastani wa karibu 6.3, namba nzuri kabisa, isiyo ya kanda ya juu wala ya chini. Aliyeisoma angesema shamba limepona.

Urea na TSP zilitiwa kwa kukisia rangi. Rangi ina maana, lakini ikisomwa pamoja na umri wa jani na umbo la unjano. Kupeleka mifuko miwili ya majani, wa wagonjwa na wa wazima, kulimaliza ubishi ambao ulikuwa umekula nusu ya msimu.

Kuhusu maharage ya kwenye marundo kuna jambo dogo lililoandikwa pembeni mwa daftari ambalo lingeweza kuokoa magunia ya salfeti ya chuma. Aliyepalilia aliandika kwamba magugu ya jamii ya nyasi kati ya maharage ya njano yalikuwa kijani kibichi. Udongo ule ule, chuma kile kile. Maharage, kama mimea mingi yenye majani mapana, hutafuta chuma kwa kumwaga haidrojeni na kukibadilisha kutoka chaji tatu kuwa mbili mbele ya mzizi, na chokaa huzima haidrojeni hiyo papo hapo. Nyasi hutumia njia nyingine: hutoa kemikali maalumu zinazoshika chuma chenye chaji tatu na kuingia nacho kikiwa kimefungwa, na njia hii haiyumbishwi sana na chokaa. Kijani cha yale magugu kilikuwa kinasema kwamba chuma kipo, na kwamba kuongeza kingine cha aina ile ile hakutabadilisha kitu. Dawa iliyobaki kwa maharage ilikuwa chuma kilichofungwa kwa kelati (kemikali inayokumbatia metali) ya EDDHA, ambayo hushikilia kwenye pH ya juu. Kelati ya kawaida ya EDTA huachia chuma pH ikipita 6.5 hivi. EDDHA ni ghali, na eneo lenyewe lilikuwa viraka vichache, kwa hiyo shamba liliamua kuyaacha marundo kwa mimea ya jamii ya nyasi.

Kubadilisha kloridi kwa salfeti, kuweka chokaa chini, kuongeza zinki na kuhamisha spinachi vilifanyika kwa pamoja. Haiwezekani kusema kila kimoja kilishusha kadimi kwa kiasi gani. Kwa shamba hilo si neno. Kwa anayetaka kuiga, uhamisho wa zao na pH ndivyo vya kuanza navyo, kwa kuwa vina msingi imara zaidi.

Kadimi ya chini bado ipo yote. Chokaa haiiondoi, huibana, na kila gunia la urea au SA linalotiwa kwenye mahindi hurudisha tindikali kidogo kidogo. Kanda ya chini sasa inapimwa pH kila baada ya mavuno, na mkataba wa ndani wa shamba unasema hakuna mboga ya majani itakayopandwa huko pH ikiwa chini ya 6.5, kiwango ambacho kanda hiyo bado haijafikia.